Kabla Hujang'oa Boksi la Ea Klina

Kiangazi kikikolea na barabara za mitaani zikaanza kutimka vumbi, wenye magari huuliza swali lile lile: nibaki na filta ya hewa ya kawaida niliyoikuta kwenye gari, ninunue ile ya pamba inayooshwa na kurudishwa, au ning'oe boksi zima la ea klina niweke koni iliyo wazi ili gari lipumue? Muuza spea ana jibu lake, fundi ana lake, na kijana wa mtaa wa pili mwenye Subaru inayonguruma ana lake pia. Langu nalitoa mapema, asiye na muda aondoke nalo. Kwa gari la kila siku, liwe la Dar es Salaam, Nakuru au Dodoma, boksi la kiwandani libaki mahali pake na ndani yake iingie filta ya karatasi iliyo bora. Pesa iliyotaka kwenda kwenye koni ihamie kwenye kuhakikisha filta hiyo imekaa sawasawa. Zipo hali chache ambazo mtu ana haki ya kufanya vingine, nazo nitazifikia.

Kwanza tujue kazi yenyewe ilivyo kubwa, kwa sababu wengi wanaidharau. Kilo moja ya petroli huhitaji kilo 14.7 za hewa ili iungue vizuri. Lita moja ya petroli ina uzito wa karibu robo tatu ya kilo, kwa hiyo inataka kilo 11 hivi za hewa, ambazo kwa usawa wa bahari ni kama lita 9,000. Jaza lita 40 kwenye Toyota IST yako pale Mbezi. Mpaka mafuta hayo yaishe, injini itakuwa imevuta kama lita 360,000 za hewa, na zote zimepita kwenye karatasi moja iliyokunjwakunjwa, yenye ukubwa wa daftari la shule.

Hewa hiyo inakuja na vumbi, na vumbi la barabara za moramu lina mchanga mwingi. Mchanga ni silika, na silika kwa kipimo cha Mohs cha ugumu wa madini ni 7. Chuma cha ukuta wa silinda ni laini kuliko hapo, na aluminiamu ya pistoni ni laini zaidi. Chembe kubwa unazoziona kwa macho si tishio kubwa, maana filta yoyote inazikamata. Balaa liko kwenye chembe za mikroni 5 hadi 20 hivi, wakati unywele wa mtu una kama mikroni 70. Hizo zinaingia kwenye utando mwembamba wa oili kati ya ringi na silinda, zikakaa humo zikisugua pande zote mbili. Zikishachanganyika na oili hufanya kazi ile ile ya dawa ya kusagia valvu, isipokuwa dawa ya valvu fundi huisafisha akimaliza, na hii hubaki ndani ikizunguka na injini mpaka siku ya kumwaga oili.

Kinachofuata mwenye gari hakihusishi kabisa na filta. Oili inaanza kupungua kati ya sevisi na sevisi. Asubuhi bomba linatoa moshi wa bluu. Ukifungua kifuniko cha oili injini ikiwa inaunguruma, upepo unakupiga mkononi. Gari lililokuwa likipanda mlima wa Kitonga bila taabu sasa linaomba gia. Mwishowe fundi anasema ringi zimekwisha na injini ifunguliwe. Hiyo bei ukiilinganisha na bei ya filta, utaona kwa nini jambo hili linanikera.

Sasa tuzipime filta zenyewe. Ipo kanuni ya kimataifa ya kuzipima, ISO 5011, ambayo kwayo maabara hupuliza vumbi la kipimo maalumu kwenye filta na kuangalia ni kiasi gani kimezuiwa na kiasi gani kimepita. Filta nzuri za karatasi huzuia zaidi ya asilimia 99 ya vumbi hilo. Zile za pamba zilizopakwa oili kwa kawaida hutajwa kati ya asilimia 96 na 99. Masikioni mwa mnunuzi, 97 na 99.5 ni kitu kimoja. Muuzaji atakuambia tofauti ni ndogo. Lakini wewe hununui filta kwa ajili ya vumbi lililokamatwa. Angalia lililopita: moja imepitisha nusu kwa mia, nyingine tatu kwa mia. Hiyo ni mara sita.

Chukua Land Cruiser za utalii zinazotoka Arusha kwenda Serengeti, zile za injini ya 1HZ, dizeli ya lita 4.2 isiyo na turbo. Ikizunguka mara 2,500 kwa dakika, injini hiyo huvuta zaidi ya lita 4,000 za hewa kila dakika, na kwa saa moja zinafika mita za ujazo 240. Jaribio la ISO 5011 hutumia gramu 1 ya vumbi kwa kila mita ya ujazo ya hewa. Hilo ni vumbi zito, la kumfuata mwenzako kwa karibu kwenye barabara ya kutoka Naabi kwenda Seronera mpaka huoni bampa lake. Kwa kiwango hicho filta ingepokea gramu 240 kwa saa. Yenye asilimia 99.5 ingepitisha gramu 1.2, yenye 97 ingepitisha gramu 7.2, ujazo wa kijiko cha chai au zaidi, ndani ya injini. Hakuna dereva mwenye akili anayekaa kwenye vumbi la namna hiyo saa nzima, lakini ukipunguza vumbi mara kumi, ile mara sita inabaki vilevile.

Wanaouza filta za pamba na koni wana hoja mbili kuu, nguvu na mafuta. Ya mafuta ndiyo dhaifu kuliko zote. Mwaka 2009 maabara ya taifa ya Oak Ridge, Marekani, ilitoa ripoti ya majaribio ya magari ya petroli ya kisasa, yenye injekta na kompyuta. Yaliendeshwa na filta safi, kisha na filta zilizozibwa kwa makusudi. Ulaji wa mafuta haukubadilika kwa kiasi cha kutajwa. Sababu ni kwamba kompyuta ikiona hewa imepungua hupunguza na petroli, uwiano ukabaki ule ule. Kilichobadilika ni kuchomoka: gari lililotolewa filta iliyoziba na kuwekewa safi liliongeza mwendo haraka zaidi, kwa asilimia 6 hadi 11 hivi. Basi kama filta iliyoziba kabisa haiongezi ulaji wa mafuta, filta inayopitisha hewa kwa wingi kidogo kuliko ya kawaida itaupunguza kwa njia gani? Magari ya zamani ya kabureta hesabu yake ni nyingine, kwa kuwa kabureta haina wa kuiambia ipunguze petroli, na hayo yakizibwa hewa hula zaidi.

Hoja ya nguvu ina ukweli kiasi. Filta yoyote hubana hewa kidogo, na ukipunguza kubana huko injini inapata hewa zaidi. Lakini inapata lini? Pale tu umekanyaga mguu mpaka mwisho na injini iko kwenye mizunguko ya juu. Wakati mwingine wote, kinachobana hewa ni kile kibati cha throto bodi unachokifungua mwenyewe kwa mguu, na filta iliyo nyuma yake haina neno. Anayeendesha Premio kutoka Kibaha kwenda kazini anafika mizunguko 6,000 mara ngapi kwa wiki?

Tena kuna mambo yanayoiibia injini nguvu nyingi kuliko filta yoyote. Nairobi iko karibu mita 1,700 juu ya usawa wa bahari, na hewa yake ni nyepesi kiasi kwamba injini isiyo na turbo inapoteza karibu sehemu moja ya sita ya nguvu iliyokuwa nayo Mombasa. Nimewasikia watu wakishauriwa koni kama dawa ya hilo. Hewa ikiwa nyepesi nje ya gari itakuwa nyepesi na ndani ya koni. La pili ni joto: kila nyuzi 3 zinazoongezeka, hewa hupungua uzito kwa karibu asilimia 1. Hapo ndipo koni iliyo wazi inapomdhulumu mwenyewe.

Fungua boneti ya gari ambalo halijaguswa ufuate njia ya hewa. Mdomo wa boksi la kiwandani karibu siku zote umeelekezwa mbele, juu ya radieta au nyuma ya taa, au umeingizwa ndani ya fenda. Waliosanifu walikuwa wanatafuta hewa ya nje, isiyopita kwenye joto la injini. Ukilitoa boksi hilo ukaiacha koni inaning'inia kando ya injini, unavuta hewa iliyokwisha pashwa moto na radieta na mabomba ya moshi. Kwenye foleni ya Ubungo mchana wa Januari, hewa ya chini ya boneti hupita ya nje kwa nyuzi 30 bila shida, na hapo umepoteza karibu sehemu moja ya kumi ya uzito wa hewa yako. Koni imepunguza kubana, joto limechukua zaidi ya hicho ulichopata. Kinachobaki ni mlio. Mlio huo mzuri wa kuvuta pumzi ndio unaowafanya wengi waamini gari limeongezeka nguvu, kwa sababu boksi la kiwandani, pamoja na vile vichemba vinavyoonekana havina kazi, lilikuwa limewekwa pia kuuzima.

Wenye Subaru za turbo na magari mengine yaliyoagizwa kutoka Japani wengi hawakuchagua. Gari limekuja na koni ya sponji yenye umbo la uyoga, tayari imefungwa na mwenye nalo wa kwanza. Kule lilikuwa linatembea kwenye lami safi na sponji inabadilishwa kwa wakati. Huku linafika na sponji ile ile, imekauka na kuanza kumeguka, na linaenda nayo mpaka Narok. Kwenye turbo hatari huongezeka, kwa kuwa kabla vumbi halijafika kwenye silinda linapiga kwanza mapanga ya turbo yanayozunguka kwa kasi kubwa mno, na kipande cha sponji kinaweza kuvutwa kikafuata njia hiyo hiyo. Kama umenunua gari la namna hiyo, hili lishughulikie kabla ya rimu na kabla ya redio.

Wapo waliolijua tatizo la joto wakaja na suluhisho: bomba refu linalopeleka koni chini, nyuma ya bampa, iliko hewa baridi. Hewa huko ni baridi kweli. Lakini ni karibu na barabara, na Dar es Salaam barabara hugeuka mto. Anayepita Jangwani Machi au Aprili anajua maji yanavyopanda haraka. Koni iliyo usawa wa bampa ikizama, injini inavuta maji badala ya hewa, na maji hayabanwi. Pistoni inapanda, inakuta kitu kisichokubali kubanwa, na konrodi inapinda. Injini iliyokuwa nzima saa moja iliyopita inahitaji kufunguliwa yote. Mtindo huu kwa miji ya pwani siushauri kabisa.

Filta ya pamba inayoingia ndani ya boksi la kawaida ni jambo jingine, na inastahili kutendewa haki. K&N, jina linalojulikana kuliko yote, ilianzishwa mwaka 1969 huko Riverside, California, na Ken Johnson na Norm McDonald, waliokuwa kwenye biashara ya pikipiki. Kwenye mashindano ya jangwani dereva anataka hewa nyingi, na injini hufunguliwa na kukaguliwa mara kwa mara. Filta ya pamba ilimfaa mtu huyo na bado inamfaa. Kwa gari linalokaa mjini kwenye lami, likasafiri barabara kuu, filta hiyo haitaliua. Inaweza kuoshwa na kutumika miaka mingi, na anayeitunza vizuri hurudisha gharama yake.

Tatizo ni hayo matunzo. Filta ya pamba hukamata vumbi kwa sababu ya oili iliyopakwa, na oili hiyo ni maalumu. Nimeiona ikioshwa kwa petroli, nimeiona ikipakwa oili ya injini, nimeiona ikipulizwa kwa kompresa mpaka pamba ikaachana. Ikipakwa oili kidogo, inapitisha vumbi. Ikipakwa nyingi, oili inavutwa na hewa na kwenda kutua kwenye sensa ya hewa. Magari mengi ya petroli tunayoendesha, pamoja na IST na Premio nyingi, yana sensa ya waya mwembamba unaopashwa moto, imekaa hatua chache tu baada ya filta. Waya ukishapakwa oili na vumbi likagandia juu yake, unatoa taarifa ya uongo: kompyuta inaambiwa hewa ni kidogo kuliko ilivyo, inatoa petroli pungufu, gari linakosa nguvu, linasitasita, taa ya injini inawaka. Fundi akichomeka mashine anakuta namba ya hitilafu P0171 au P0101, na asipouliza kuhusu filta atabadilisha plagi, pampu na sensa za oksijeni kabla ya kugusa chanzo.

Halafu ikishaoshwa lazima ikauke yenyewe kivulini, kwa saa nyingi. Gari linashinda wapi wakati huo? Wengi hawasubiri. Na ile ahadi ya kufika kilomita 80,000 bila kuosha, inayoonekana kwenye matangazo, imepimwa kwa barabara kuu za Marekani, si kwa njia ya Mto wa Mbu kwenda Ngaresero. Anayetaka filta ya kuosha na hawezi kushindana na masuala ya oili, aulizie zile za nyuzi za sintetiki zinazofanya kazi zikiwa kavu. Hizo angalau haziwezi kuichafua sensa kwa oili.

Tukirudi kwenye karatasi, swali linalobaki ni karatasi ipi. Hapa neno la kawaida linaficha mambo mengi. Kuna filta yenye jina la mtengeneza gari, kuna ya kampuni kubwa za filta kama Denso, Mann, Mahle au Sakura, na kuna iliyowekwa kwenye boksi lenye jina la wengine. Ya kwanza na ya pili zote ni salama, na mara nyingi ya pili ni nafuu kwa kiasi kizuri. Ya tatu ni hasara hata ikitolewa bure.

Ukiwa kaunta Kariakoo au Kirinyaga Road, usikubali kupewa kwa kutajiwa aina ya gari tu. Nenda na namba. Filta za hewa za Toyota namba zake huanza na 17801, na tarakimu zinazofuata ndizo zinazotofautisha gari na gari. Muuzaji makini anaweza kuzitafuta kwa namba ya chesesi. Kisha omba kuifungua. Hesabu mikunjo kwa macho: kwenye filta nzuri imesimama sawa, nafasi kati yake ni moja mwanzo hadi mwisho. Kwenye bandia mikunjo huwa michache, imelala upande mmoja, na gundi imemwagika ovyo. Bonyeza mpira wa pembeni kwa kidole gumba. Unatakiwa uwe laini, ubonyee na urudi. Ukiwa mgumu au unaacha unga kidoleni, rudisha. Inua filta kwenye mwanga wa dirisha. Mwanga hafifu uliosambaa sawasawa ni wa kawaida, ila ukiona nukta inayong'aa hapo ni tundu. Mwisho, kama umekuja na ya zamani, ziweke moja juu ya nyingine. Upungufu wa milimita mbili upande mmoja unatosha kuharibu kila kitu.

Nasema hivyo kwa sababu filta haipitishi vumbi kwenye karatasi tu. Inapitisha zaidi pembeni. Fanya hili nyumbani mwenyewe, halihitaji fundi: zima injini, fungua klipu za boksi, toa filta. Chukua kitambaa cheupe kisicho na unyevu, upitishe ndani ya upande wa hewa safi, yaani kifuniko na mdomo wa bomba linalokwenda kwenye injini. Kinatakiwa kitoke cheupe. Kikitoka na rangi ya udongo, vumbi linapita. Sasa tazama ukingo ambapo mpira wa filta hukutana na boksi. Mahali panapovuja pana mstari wa vumbi, kama mchirizi mwembamba unaotoka nje kuelekea ndani, na mara nyingi uko upande wa klipu iliyovunjika. Nimeona boksi lenye filta mpya ya bei kubwa, klipu moja imekatika na fundi amefunga waya, na mchirizi wa vumbi umepita wazi chini ya mpira. Mwenye gari alikuwa analipia filta nzuri na kuvuta barabara nzima kwa upande mmoja.

Fuata na ule mpira wenye makunyanzi unaounganisha boksi na throto bodi. Ukunjue kwa mikono, uangalie ndani ya kila kunyanzi. Mipira ya magari ya miaka 15 hupasuka chini, mahali pasipoonekana. Hewa inayoingia kwenye ufa huo haijachujwa wala haijapimwa na sensa.

Kuna desturi moja ya gereji zetu ambayo ingefaa iachwe: kila sevisi, filta inatolewa, inapigwa upepo wa kompresa kwa nguvu zote, inarudishwa, na mteja anaandikiwa kwenye risiti kuwa imesafishwa. Upepo wa kompresa ya kujazia tairi una nguvu ya kutosha kupanua vitundu vya karatasi na kuchana gundi ya mikunjo. Karatasi kavu inaweza kupulizwa kwa upepo mdogo, usiozidi ba 2, bomba likiwa mbali kidogo, na siku zote kutoka upande safi kwenda upande mchafu. Mimi ninaishia kuigonga taratibu na kuirudisha. Ila kwa Nissan na Subaru nyingi hata hilo lisifanyike. Filta zao za kiwandani ni karatasi iliyolowekwa oili, ukiigusa inanata kidogo, na mtengenezaji ameagiza isisafishwe, ibadilishwe tu. Ukiipuliza umeimaliza.

Isitoshe, filta iliyoshika vumbi kidogo huchuja vizuri kuliko mpya, kwa kuwa lile vumbi lililotangulia linaziba vitundu vikubwa. Kwa hiyo usiibadilishe kwa kuwa imebadilika rangi. Kwenye lami, kilomita 20,000 hivi si nyingi. Kwenye vumbi, ikague kila kilomita 5,000, na kama unaishi Goba au Chanika ndani kabisa, usishangae ikikuishia mapema. Kukagua nako kuwe kwa kiasi, kwani kila ufunguzi unaangusha vumbi kidogo upande safi na kuchosha klipu. Madereva wa malori na mabasi wamerahisishiwa: wengi wana kipima cha kubana kwa hewa kwenye boksi, kikifika alama nyekundu ndiyo wanabadilisha. Kwa injini kubwa za dizeli kikomo cha kawaida ni kilopaskali 6.2.

Kwa magari yanayoishi vumbini kweli, ya utalii, ya miradi, ya migodini, nakubali kuongeza kitu, ila kiongezwe kabla ya filta wala kisichukue nafasi yake. Wazo hili ni la zamani. Mwaka 1915 huko Minnesota, Marekani, Frank Donaldson alianzisha kampuni ya filta baada ya kuona trekta zikifa kwa vumbi la mashambani. Hadi leo dawa iliyo bora ni ile ya kuizungusha hewa kwa kasi kabla haijafika kwenye karatasi, chembe nzito zikatupwa pembeni. Kifaa hicho, kinachofungwa juu ya snoko au ndani ya boksi, kinapunguza sana mzigo wa filta. Snoko yenyewe haichuji kitu. Kazi yake ni kupandisha mdomo wa hewa juu ya vumbi zito la usawa wa tairi, na juu ya maji. Kwenye Safari Rally huko Naivasha, penye vumbi laini linalofunika gari, magari ya kiwanda nayo yamefungwa bomba la juu. Lakini kila kiungo cha snoko kati ya fenda na boksi lazima kizibwe kabisa. Snoko ya plastiki ya bei poa iliyounganishwa kwa mkanda wa umeme inavuta vumbi la ndani ya fenda na kukupa matumaini ya bure.

Anayeshindana mbio, anayefungua injini yake kila baada ya mashindano machache na kuimwaga oili mapema, aweke koni na aifurahie. Makala haya hayamhusu. Kwa wengine walio na koni tayari na wanataka kurudi, boksi la asili linapatikana kwa wauza spea zilizotumika, Ilala na Gerezani kwa Dar, na kule Grogan kwa Nairobi. Uliza boksi la injini yako hasa, usitaje aina ya gari pekee, kwa sababu gari moja hutoka na injini tofauti. Lichukue likiwa kamili: sehemu ya chini, kifuniko chenye tundu la sensa, bomba la mbele linalokwenda fenda au radieta, mpira wenye makunyanzi, klipu zote, na vile vipira vidogo vitatu au vinne vya kulishikilia ambavyo wauzaji husahau kuvitoa. Kisha lioshe kwa maji na sabuni, likauke usiku kucha, usafishe sensa kwa dawa yake ya kupuliza bila kuugusa waya, na ndipo uweke filta mpya. Baada ya wiki mbili kifungue tena kifuniko, na upitishe kile kitambaa cheupe.